Upepo wa Kiti cha Nyuma

Kelele zilianza wiki moja baada ya kumzika Elirehema. Kila ikifika saa tisa alasiri, watoto wanapotoka shule, kiyoyozi cha gari lake kiligonga ta-ta-ta, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani ya dashibodi. Mjane wake, Ndeshi, alivumilia mpaka siku ya thelathini na tisa ya msiba, ndipo akalipeleka kwa Fundi Shomari.

Saa tisa ilipogonga, fundi alisikiliza kompresa, akakagua na feni. Vyote vizima.

"Dada, huu si ubovu. Si unajua magari ya siku hizi hayaachi mazoea ya marehemu mpaka arobaini ipite? Wewe umefunga tundu la hewa la nyuma, nalo gari linahangaika kulifungua."

"Huko nyuma hakai mtu, fundi."

Shomari akalifungua. Kelele zikakatika palepale. Tundu likajigeuza kushoto, likainama chini, chini kabisa ya kifua cha mtu mzima, likatulia.

"Kumbe ni mtoto. Ana miaka mingapi?"

"Hatukujaliwa mtoto."

Fundi akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Kesho litasahau lenyewe, dada."

Ndeshi aliingia nyuma, akajikunja mpaka upepo ukamfikia usoni. Ulikuwa wa ubaridi mdogo, wa kubembeleza. Baada ya dakika chache feni ikapunguza kasi yenyewe, taratibu, kama mtu aliyetupia jicho kwenye kioo akaona mwanawe ameshasinzia.