Jiwe la Thelathini na Moja

Pale machimboni, mtu hachongi zaidi ya mawe thelathini kwa siku. Ukizidisha, kesho msimamizi atawadai wote kiasi hicho hicho. Ngwali, mgeni wa juma moja, akalichonga la thelathini na moja.

"Weka mkono hapa," alisema Chande, aliyemfundisha kazi.

"Kaka Chande, nihurumie!"

Wachongaji wawili wakamkandamiza kiganja juu ya jiwe lenyewe. Chande akashusha nyundo. Vidole vikapondeka, damu ikatapakaa jiweni.

Kesho yake Ngwali alichonga kwa mkono wa kushoto, machozi yakimtoka. Hadi jioni alipata manne tu. Msimamizi alipotokeza, Ngwali aligeukia rundo lake. Wenzake walikuwa wamemjazia, yametimia thelathini. La juu kabisa ni lile la jana, na Chande alikuwa akilifuta damu kwa kiganja chake.