Msuko wa Bi Kidawa

Mtihani wa ukunga ulikuwa umekaribia, na Mwatumu alikuwa hajagusa kitabu. Asubuhi anasuka wateja, jioni anasuka wateja, na akifika nyumbani usingizi unamuwahi.

"Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu," alisema Bi Kidawa, akijikalisha mkekani mbele ya magoti ya msusi wake. "Achana na masomo, nikupe ya mtaani."

Mwatumu alitia chanuo kwenye nywele, kisha akaduwaa. Mikono yake ilikuwa na kazi, lakini masikio yake yalikuwa yakilishwa umbea kutwa. Na huyu aliyeketi hapa mbele alikuwa na mikono mitupu na macho yasiyo na kazi!

Akampakatisha kitabu. "Bi Kidawa, leo nisomee."

Bi Kidawa aliguna, akavaa miwani, akaanza kusoma shingo upande. Nywele zikaenda, kurasa nazo zikaenda. Alipofika kwa mtoto aliyetanguliza makalio, sauti ilimpanda, hata wanawake waliokuwa wakisubiri zamu wakasogea. Mwatumu alisuka huku akirudia kila hatua ya mkunga, na kwa mara ya kwanza hakuna iliyompotea.

Akafunga msuko wa mwisho. "Tayari. Umependeza! Nipe kitabu changu."

Bi Kidawa alikikumbatia. "Mtoto hajazaliwa bado!"

"Lakini nywele zimekwisha."

Bi Kidawa alijiweka sawa mkekani, akalowesha kidole, akafunua ukurasa uliofuata.

"Basi fumua."