Mke wa Jemadari

Mzee Guo Renshu aliingia kwenye nyumba ya chai akiwa amekasirika. Alikuwa amesikia kwamba msimuliaji wa pale anasimulia riwaya yake ya vita vya kale bila kumtaja, naye alikuja kumkatiza mbele ya watu.

Akamkuta msimuliaji amefika pale jeshi linapoondoka. Mke wa jemadari amepanda juu ya ukuta wa mji, anachana nywele zake taratibu, ili mumewe akigeuka amwone kama alivyozoea kumwona asubuhi nyumbani. Guo aliiandika sehemu ile ujanani, mwaka aliofiwa na mkewe. Nywele zile zilikuwa za mkewe.

Mwanamke aliyeketi jirani naye akafuta macho.

“Nani aliitunga hii?” Guo akamuuliza kwa sauti ya chini.

“Haina mtunzi, mzee wangu. Ni ya tangu enzi. Marehemu mama alikuwa akitusimulia tukichambua naye mchele.”

Guo alisogeza kiti chake karibu na jukwaa. Msimuliaji alikuwa ametua kidogo anywe chai, na juu ya ukuta yule mwanamke alikuwa bado anachana nywele, jeshi halijapotea machoni.