Mgomo wa Mbuzi

Shambani kwa Bi Nyamizi hapakuwa na mbolea ya dukani. Mchicha wote ulistawi kwa samadi ya Mbuzi mmoja mkaidi.

"Samadi yangu, mchicha wake!" Mbuzi akanung'unika. "Leo nagoma. Sitoi hata punje moja."

"Utaizuiaje, dada?" akauliza Kuku, ambaye hakupitwa na umbea.

"Sili."

Kweli, alisusa majani siku mbili. Bi Nyamizi akadhani anaumwa, akamchumia mchicha mchanga na kumlisha kwa mkono wake. Mbuzi alikula mpaka tumbo likamjaa kama ngoma. Asubuhi yake samadi chini ya banda ilikuwa mara mbili ya kawaida, na Bi Nyamizi akaizoa huku akiimba.

Kuku akapiga mbawa. "Kumbe kugoma kuna faida! Na mimi leo sitagi."

Mbuzi akaacha kutafuna. "Thubutu, mdogo wangu! Mimi nikigoma, huyu mama anasema naumwa. Wewe usipotaga, anauliza wageni wanakuja lini."

Kuku akakimbilia kiotani. Yai la siku hiyo lilitoka kabla umande haujakauka.