Mluzi wa Faili la Thelathini na Moja

"Dada, tufungue?" aliuliza Dohyeon, mwenzangu kutoka bara. Zilibaki dakika tano ushuhuda wa mauaji ya kisiwani kwetu uwe wazi kwa dunia nzima.

"Subiri. Nasikiliza faili hili moja."

"Unasikiliza nini tena? Majina nimefuta, sauti nimebadilisha. Hata mama mzazi hatamjua mwanawe."

Katika faili la thelathini na moja alisema mwanamke, sauti yake imegeuzwa nzito kama ya mwanamume: "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Askari walinipa kiazi kitamu, nami nikawaonyesha pango walimojificha majirani."

Kisha akashusha pumzi, na mluzi mwembamba ukamtoka.

Nilirudisha rekodi nyuma, nikausikiliza tena. Wazamiaji wetu wa kike wakiibuka baharini hutoa pumzi kwa mluzi, na kila mmoja ana wake. Utotoni nilikaa mwambani nikamtambua bibi yangu kwa mluzi wake kabla sijamwona.

Kijijini, nyumba kumi na saba hufukizia wafu wao wa pangoni ubani siku ile ile moja. Kila mwaka, siku hiyo, bibi huzipelekea samaki, mlango kwa mlango.

Nilikuwa tayari kulifuta faili lote. Ndipo sauti ya Dohyeon ikasikika humo humo kwenye rekodi: "Bibi, huo mluzi unaharibu rekodi. Niukate?"

 

"Uache," alisema bibi. "Majirani wanaujua."