Mipira ya Kufika Obokote

Fsss.

Sauti ilitoka kando ya kitanda, gizani, kabla jogoo hajawika. Adolphine hakuhitaji taa. Alinyoosha mkono, akaligusa gurudumu la nyuma la pikipiki, na upepo ukampuliza vidoleni kama pumzi ya mtoto aliyelala. Kulipokucha, mpira ulikuwa umejilaza sakafuni na viraka vyote alivyoubandika jana.

Pikipiki ililala chumbani kwa sababu Alunguli haikosi wenye mikono mirefu. Pia kwa sababu nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Isidore, mumewe, aliileta pikipiki hapo mwenyewe mwaka wa ndoa yao, akipiga honi tangu kivukoni, watoto wa mtaa wakimkimbilia nyuma. Marehemu baba yake Adolphine akaipenda, akaipanda mpaka mipira ikaisha. Sasa baba yuko kaburini, Isidore yuko Obokote, na tangu mvua za kwanza Onema, mtoto wao, yuko hukohuko kwa Isidore.

Maneno ya mke na mume yalisikilizwa na mzee Bulaimu wa baraza, naye akaweka siku: siku ya Mungu, Jumapili hii inayokuja. Isidore alisema wazi mbele yake, "Nikikuta pikipiki inatembea, tutayamaliza palepale. Nikikuta imekufa, mimi na mutoto tunarudi Obokote, na usitume tena muntu kuniomba."

Adolphine hakuwa na kaka wala mjomba wa kumkimbilia. Alikuwa na cherehani.

Alivuka Lualaba kwa mtumbwi hadi Kindu. Kwenye duka la Mreno alisimama mbele ya mipira mipya iliyofungwa karatasi, akainusa, akaenda zake. Fedha ya kushonea watu magauni haikufika huko. Nyuma ya stesheni, fundi Asumani alikuwa ameiegemeza mipira ya kale ukutani kama watu waliochoka kungoja treni.

"Ule wenye meno makubwa," Adolphine akaonyesha.

"Ule wa kupendeza macho tu, mama. Angalia." Asumani aliukunja, na ubavu wote ukafunguka nyufa. "Jua limeukula. Jiwe la kwanza tu, pah! Chukua hii miwili. Meno yameisha kidogo, lakini ubavu iko muzima."

Adolphine aliikunja mwenyewe. Akapitisha kidole gumba ndani, taratibu, akitafuta mwiba, akitafuta uzi uliokatika.

Asumani akacheka. "Unaipapasa kama unatafuta chawa kichwani! Bwana yako anaenda nayo wapi?"

"Obokote."

"Ile barabara ya mawe? Itafika. Lakini kurudi, mama, sitakudanganya."

"Ifike tu."

"Eh! Ni muke gani huyu? Bwana afike, asirudi?" Fundi alijipiga paja, kisha akajijibu mwenyewe. "Aa, nimeelewa. Munahamia. Yeye anatangulia, wewe na mutoto munafuata na kamio ya mizigo."

Adolphine alitabasamu kidogo, macho chini. "Nifungie hii miwili, na mipira yake ya ndani, baba."

Mtumbwini alikaa na mpira mmoja kila bega. Mpiga kasia akamtazama, akawakonyeza abiria.

"Leo tukipinduka, mama, utapona wewe peke yako."

Watu wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Yeye aliyatazama maji. Tangu mvua za kwanza alikuwa akipona peke yake, na hakuona utamu wake.

Jioni aliyafungua magurudumu kwa vijiko viwili vya jikoni, kama alivyozoea kumwona baba yake akifanya. Kimoja kikapinda. Akajikwaruza, akanyonya damu, akaendelea. Alipumua pamoja na pampu, juu, chini, hadi mipira ikawa migumu. Kisha alikaa palepale sakafuni, sikio karibu na gurudumu, akasikiliza. Kimya. Kwa mara ya kwanza, kimya cha nyumba ile hakikumuumiza.

Siku ya Mungu alifua shuka mapema, akasuka nywele, akavaa kitenge cha sikukuu. Walitokea baada ya misa: mzee Bulaimu mbele na fimbo yake, Isidore nyuma akimshika Onema mkono. Mtoto alikuwa amerefuka. Suruali yake ilikuwa imemwacha miguu nje.

Adolphine hakumkimbilia. Aliikamata mikono yake mwenyewe, akaikaza.

Isidore aliizunguka pikipiki. Akabonyeza mpira wa mbele, akabonyeza wa nyuma.

"Ya kale," akasema.

"Inatembea," Adolphine akajibu.

Isidore aliuachia mkono wa mtoto, akapanda, akapiga teke. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga tena, ikakubali. Akaenda mpaka mwisho wa barabara, akageuka penye michikichi, akarudi akipita makusudi juu ya kila jiwe. Roho ya Adolphine ilikwenda nayo na kurudi nayo.

Isidore hakushuka. Injini ikiwa bado inanguruma, akamtazama mzee.

Bulaimu aligonga fimbo chini na kupaza sauti ili majirani wasikie. "Iliingia kwa marehemu baba yake Adolphine ikitembea. Leo inakurudia ikitembea. Mahari yako imerudi yote, Isidore. Ndoa imekwisha, na mutoto ni wa mama yake."

Isidore akaitikia kwa kichwa mara moja. Pikipiki ikaondoka, vumbi likaifuata kuelekea barabara ya Obokote.

Onema aliitazama mpaka ikapotea. Kisha akashika upindo wa kitenge.

"Mama, niko na njaa."