Rodney Aandikwa Jeshini

Tik. Tik-tik. Kabla ya adhana ya alfajiri Kendi alisikia mtu akibonyeza kompyuta gizani, chumba walicholala watoto wake wawili. Akajua ni Rodney. Akajifunika shuka hadi kichwani, akaanza kuomba.

Rodney alizaliwa Marekani, baba yake Philip alipokuwa akisoma huko, na pasipoti ya huko anayo. Majuzi alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, na sheria yao inamtaka kijana wa umri huo ajiandikishe, ili vita vikija aweze kuitwa jeshini. Hata akiishi nje, kama wao huku Doha, Qatar. Alipewa siku thelathini, na Kendi aliapa zitapita zote kabla mwanawe hajaandika hata herufi moja.

Si kwamba jeshi lingefaidika sana. Rodney ndiye shujaa aliyemkimbia mende bafuni, majirani wa ghorofa nzima pale mtaani Al Sadd wakasikia. Hata kadi yake ya metro hujaziwa pesa na dada yake Tiffany, wa miaka tisa, maana kubonyeza simu kunamchosha. Adui angelazimika kungoja saa sita mchana, bwana aamke.

Asubuhi ujumbe ukaingia kwenye barua pepe ya familia: asante, umeandikishwa.

Kendi alijua Rodney haamki alfajiri bila kutumwa na baba yake. Alimwambia Philip, kwa upole kabisa, kwamba mwanaume akiamua kuuza mtoto angalau aulize bei. Philip, kikombe cha chai mkononi, akaapa hajagusa kitu. Na kwani kuna nini, ni orodha tu, siku hizi hakuna anayeitwa.

"Hata mochari wako na orodha tu," Kendi akasema.

Rodney akaamshwa. Naye akaapa si yeye, alikuwa amelala, jambo ambalo kwa kweli hakuna aliyeweza kulipinga. Kisha akauliza kama jeshini kuna waifai.

Tiffany alikuwa akila mkate polepole. Akataka kujua kama wanajeshi hurudi nyumbani kulala, ama hulala hukohuko. Kendi akamvuta kifuani, machozi yakimlengalenga. Nyumba nzima, mtoto huyu tu ndiye aliyeelewa uchungu wake.

"Hukohuko, mami," akamwambia. "Miaka na miaka."

Tiffany akatafuna, akameza, akawatazama wote watatu.

"Ni mimi nilimwandikisha, nataka chumba kiwe changu."